Kuuza Nyumba Bila Dalali

Nyumba ni jasho la miaka mingi. Mtu hujinyima, akafyatua matofali, akanunua bati mojamoja, mpaka siku moja akahamia kwake. Lakini huja wakati wa kuiuza. Pengine watoto wanahitaji karo. Pengine umepata shamba mahali pengine na unataka kuhama. Pengine umebaki peke yako, na nyumba imekuwa kubwa mno.

Wakati huo ukifika, watu wengi hutafuta dalali. Katika somo hili tutaeleza jinsi unavyoweza kuuza nyumba wewe mwenyewe. Tutaeleza pia mambo ambayo huwezi kuyaruka, uwe na dalali au usiwe naye. Maelezo haya ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake za ardhi.

Kazi ya dalali

Udalali ni kazi halali. Dalali hutafuta mnunuzi, huwapeleka watu kuiona nyumba, na husema bei kati ya pande mbili. Katika mji mkubwa ambako watu hawajuani, huenda akakufaa. Kijijini, kazi hizo tatu unaweza kuzifanya mwenyewe.

Tazama gharama yake. Tuseme nyumba yako imeuzwa shilingi 8,000,000, na dalali anadai asilimia 10. Fungu lake ni shilingi 800,000. Ikiwa bati moja ni shilingi 25,000, fedha hiyo ingenunua mabati 32 ya nyumba yako mpya.

Liko jambo jingine linaloitwa "cha juu". Wewe umemwambia dalali kwamba unataka shilingi 8,000,000. Yeye anamwambia mnunuzi kuwa bei ni shilingi 10,000,000. Zile 2,000,000 zinazozidi anazitia mfukoni, na wewe hujui. Muuzaji na mnunuzi wakikaa pamoja na kutajiana bei, cha juu hakina nafasi.

Unauza kitu gani?

Kwa sheria ya Tanzania, ardhi yote ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Kwa hiyo mtu anapouza nyumba, anauza jengo na maendelezo mengine aliyoyafanya, pamoja na haki yake ya kuitumia ardhi ile. Haki hiyo lazima iwe yako kweli.

Ukipita mitaa ya Dar es Salaam utaona kuta zilizoandikwa kwa rangi: NYUMBA HII HAIUZWI. Wenye nyumba wameandika hivyo kwa sababu wako matapeli wanaouza nyumba za watu. Wako pia ndugu wanaouza nyumba ya familia kwa siri. Ndiyo maana mnunuzi mwenye akili atakuuliza, "Nitajuaje kuwa nyumba hii ni yako?" Usikasirike. Kusanya karatasi zako mapema: hati ya hakimiliki ya kimila kama unayo, karatasi ya ulipoinunua, au barua ya kijiji ya kukugawia kiwanja.

Kama nyumba ni ya marehemu, bado haijawa yako kwa sababu tu wewe ni mtoto wake mkubwa. Nendeni Mahakamani ili ateuliwe msimamizi wa mirathi. Yeye ndiye mwenye mamlaka ya kuuza, na ni lazima warithi wote wapate haki yao.

Kubalianeni kwanza nyumbani

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema kwamba mume hawezi kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mkewe. Mke naye hawezi kuiuza bila ridhaa ya mumewe. Haidhuru jina la nani limeandikwa katika karatasi. Kwa hiyo mazungumzo ya kwanza si ya mnunuzi. Ni ya wewe na mwenzako. Waiteni pia watoto wakubwa, na wazee wa ukoo ikiwa ardhi ni ya ukoo. Maneno yasiyosemwa kabla ya kuuza husemwa baadaye barazani, na hapo huwa ni kesi.

Kupanga bei

Uliza nyumba za jirani ziliuzwa kwa bei gani mwaka huu na mwaka jana. Kisha tazama nyumba yako. Ukuta ni wa tope, wa matofali ya kuchoma, au wa saruji? Mabati ni mazima au yana kutu? Kiwanja kina ukubwa gani? Kuna kisima, miti ya matunda, choo kizuri? Barabara iko mbali au karibu?

Andika bei mbili katika daftari lako. Ya kwanza ni bei utakayoitangaza. Ya pili ni bei ya mwisho, ambayo chini yake huuzi. Bei ya mwisho ijulikane na wewe na mwenzako tu.

Uliza pia habari za kodi. Serikali hutoza kodi katika faida ya kuuza ardhi na majengo, na hutoza ushuru wa stempu katika hati. Viwango na misamaha hubadilishwa mara kwa mara. Nenda katika ofisi ya Mamlaka ya Mapato kabla ya kupatana bei, ujue nani atalipa nini.

Kutangaza

Andika tangazo fupi kwa herufi kubwa. Huu ni mfano:

NYUMBA INAUZWA
Iko karibu na shule ya msingi.
Vyumba 3 na sebule. Matofali ya kuchoma, sakafu ya saruji, paa la bati.
Kiwanja ni mita 30 kwa 25. Kuna kisima na miembe 2.
Bei ni shilingi 8,000,000. Maelewano yapo.
Muone mwenye nyumba. Simu ................
Dalali hahitajiki.

Omba ruhusa ulibandike katika ofisi ya kijiji, dukani, zahanati, na mahali pa gulio. Waambie walimu na wauguzi waliohamia kijijini, maana wengi wao wanapanga. Waambie pia jamaa walioko mjini, kwani mtu wa kwenu aliyeko mbali huenda anatafuta nyumba ya kurudia.

Mnunuzi akija

Mwoneshe nyumba mchana. Kama paa linavuja, mwambie. Kama kisima hukauka wakati wa kiangazi, mwambie. Kasoro uliyoisema itapunguza bei kidogo, lakini kasoro uliyoificha italeta ugomvi. Tembea naye katika mipaka yote, na majirani wa kila upande wawepo.

Wewe nawe mchunguze mnunuzi. Anatoka wapi? Anafanya kazi gani? Fedha anayo, au anaitafuta? Kumbuka kwamba kwa kawaida mtu asiye raia wa Tanzania haruhusiwi kumiliki ardhi, isipokuwa kwa sababu zinazokubaliwa na sheria, kama uwekezaji, na hilo lina utaratibu wake.

Akitaka kulipa arubuni ili umshikie nyumba, andikianeni. Andikeni ni kiasi gani, atamaliza lini, na itakuwaje asipomaliza. Usimpe funguo mpaka amalize.

Usiiruke Halmashauri ya Kijiji

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Ardhi ya kijiji husimamiwa na Halmashauri ya Kijiji, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999. Peleka taarifa ya maandishi kwamba unataka kuuza, kabla ya kupokea fedha. Kama mnunuzi si mkazi wa kijiji chenu, ni lazima naye aombe, na Halmashauri ikubali.

Usidhani kuwa jambo hili ni la adabu tu. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua kesi ya ardhi ya kijiji iliyouzwa bila idhini ya Halmashauri ya Kijiji. Mahakama ilisema mauzo yale ni batili. Maana yake ni kwamba mbele ya sheria ni kama hayakufanyika.

Idhini ya Mwenyekiti peke yake haitoshi. Wala sahihi ya Mtendaji peke yake haitoshi. Halmashauri ikae kikao, na uamuzi uandikwe katika muhtasari. Omba nakala yake. Ukidaiwa ada, lipa na udai stakabadhi. Ukiambiwa kwamba hakuna stakabadhi, jua kwamba hiyo si ada.

Kama nyumba iko mjini na kiwanja kina hati ya Serikali, uhamisho hufanywa katika ofisi ya ardhi, kwa fomu maalumu, na kuandikishwa kwa Msajili wa Hati. Hapo tafuta wakili. Malipo ya wakili ni tofauti na ya dalali. Dalali anakutafutia mtu, lakini wakili analinda maandishi yako.

Kuandika hati

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na sheria inasema vivyo hivyo. Mapatano ya kuuza ardhi yasiyo na maandishi hayana nguvu mahakamani. Huu ni mfano wa hati fupi:

HATI YA MAUZIANO YA NYUMBA
Leo, tarehe ...... mwezi ...... mwaka ......, mimi ................ wa kijiji cha ................ nimemuuzia ................ wa ................ nyumba yangu iliyopo kitongoji cha ................
Mipaka yake: mashariki ................, magharibi ................, kaskazini ................, kusini ................
Bei ni shilingi 8,000,000, yaani shilingi milioni nane. Fedha yote nimeipokea leo kwa njia ya ................
Nyumba hii haina deni wala mgogoro.
Kodi na ushuru zitalipwa na ................
Nitahama na kukabidhi funguo tarehe ................
Mimi ................, mke au mume wa muuzaji, nimeridhia mauzo haya.
Sahihi ya muuzaji ................ Sahihi ya mnunuzi ................
Mashahidi wa muuzaji: 1 ................ 2 ................
Mashahidi wa mnunuzi: 1 ................ 2 ................
Uamuzi wa Halmashauri ya Kijiji: kikao cha tarehe ................

Andikeni nakala tatu: ya muuzaji, ya mnunuzi, na ya ofisi ya kijiji. Bei iandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, maana sifuri moja ni rahisi kuongezwa au kufutwa.

Sasa angalia sana. Zamani mtu asiyejua kusoma aliletewa karatasi, akaambiwa, "Weka dole gumba hapa." Aliweka. Wengine walidhani wanakopa kwa kuweka nyumba rehani, kumbe wameuza. Wewe umejifunza kusoma. Soma hati yote mwenyewe, neno kwa neno, kabla ya kutia sahihi. Ukifika mahali usipoelewa, simama na uulize. Mtu akikuharakisha usisome, funga karatasi na uende nyumbani. Mnunuzi mwema atarudi kesho.

Kupokea fedha

Njia ya salama ni benki. Nendeni pamoja, fedha iingizwe katika akaunti yako, na ubaki na karatasi ya benki. Ukilipwa kwa simu, usiamini ujumbe ulioandikwa kuwa umepokea fedha. Ujumbe unaweza kutungwa na mtu yeyote. Angalia salio lako mwenyewe. Ukilipwa taslimu, hesabuni mchana, mbele ya mashahidi, na fedha isilale nyumbani.

Tia sahihi baada ya kuhakikisha kwamba fedha imefika, si kabla.

Tunza karatasi

Usiseme kwamba mambo yamekwisha. Sheria inampa mtu muda wa miaka 12 kufungua madai ya ardhi. Miaka kumi baadaye anaweza kutokea ndugu au jirani na neno lake. Mashahidi huenda wamehama au wamefariki. Karatasi itakuwapo, ikiwa umeitunza mahali pakavu, mbali na mchwa na panya. Mweleze mtoto wako mmoja mahali ilipo.

Basi, ndugu msomaji, dalali unaweza kumwacha. Mwenzako wa ndoa, Halmashauri ya Kijiji, mashahidi na maandishi huwezi kuviacha. Fedha uliyoiokoa kwa kumwacha dalali ni ndogo sana ukilinganisha na nyumba utakayoipoteza, au kesi utakayoipata, kwa kuviacha hivyo vingine.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Nyumba imeuzwa shilingi 6,500,000. Dalali anadai asilimia 10. Atapata shilingi ngapi?
2. Mume anataka kuuza nyumba wanamokaa. Karatasi ina jina lake peke yake. Je, anaweza kuuza bila mkewe kukubali? Kwa nini?
3. Kwa nini sahihi ya Mwenyekiti peke yake haitoshi?
4. Katika kijiji chenu, je, mnajua nyumba au shamba lililouzwa bila maandishi? Matokeo yake yalikuwa nini?
5. Andika katika daftari lako tangazo la kuuza nyumba yenye vyumba viwili. Kisha mpe mwenzako alisome kwa sauti.