Korniflaksi Iliyopita Tarehe na Unga Usio na Tarehe

Katika maduka ya jumla ya Kariakoo, kuanzia Mtaa wa Mkunguni hadi Tandamti, maboksi ya korniflaksi, Weetabix na oti hushuka bei ghafla tarehe yake ya mwisho inapokaribia. Mwenye duka anajua kwamba mzigo ukimlalia ni hasara, kwani haruhusiwi kuuza chakula kilichoisha muda, na wakaguzi wa Shirika la Viwango Tanzania, TBS, wakiukuta wanauondoa kwenda kuuteketeza. Kwa hiyo anamwita mteja: “Dada, hii imebakiza wiki mbili, chukua katoni nikupunguzie.” Dada anachukua, anavuka nayo na kivuko cha Magogoni kwenda Kigamboni, na mwezi unaofuata anajikuta jikoni na boksi ambalo halijafunguliwa, tarehe imeshapita, na watoto wanataka kula waende shule.

Anaweza kuwapa. Kama mfuko wa ndani haujatoboka, boksi limekaa pakavu, na kilichomo hakina harufu ngeni, wadudu wala ukungu, korniflaksi iliyopitwa na wiki au hata miezi michache haitawadhuru. Chakula cha mtoto mchanga hakimo katika ruhusa hii, na nitakirudia.

Sababu ya jibu hilo ni maji. Mahindi ya korniflaksi hupikwa, hubanwa kuwa vipande vyembamba, kisha huokwa hadi maji yanayobaki ni takriban asilimia 3 hadi 5 tu ya uzito. Wanasayansi wa chakula hupima maji ambayo vijidudu vinaweza kuyatumia kwa mizani inayoanzia 0 hadi 1, na maji matupu ndiyo 1. Bakteria wengi wanaoleta magonjwa hushindwa kuzaliana chini ya 0.9. Ukungu mwingi husimama karibu na 0.7. Chini ya 0.6 karibu hakuna kijidudu kinachojulikana kuota, na korniflaksi iliyofungwa vizuri ipo chini zaidi ya hapo. Maziwa, nyama na samaki wa soko la Feri viko karibu kabisa na 1, ndiyo maana saa chache za joto la Dar es Salaam zinatosha kuviharibu, wakati boksi la nafaka kavu linakaa kabatini mwaka mzima.

Basi tarehe ile inapima nini? Inapima ubora ambao kiwanda kiko tayari kuutetea. Kwanza hupotea ule ukavu wa kuvunjika mdomoni, maana vipande hunyonya unyevu wa hewa. Kisha vitamini hupungua kidogo kidogo, hasa C na baadhi ya zile za kundi B. Mwisho ni mafuta. Korniflaksi za kawaida zina mafuta chini ya asilimia 1 au karibu yake, kwa hiyo hukaa sana. Oti ina takriban asilimia 7, na zile zilizochanganywa na karanga, korosho au nazi zina zaidi. Mafuta hayo yakikutana na hewa kwa muda mrefu hubadilika, yakatoa harufu inayofanana na ya rangi ya kupaka ukutani na ladha chungu inayong’ang’ania kooni. Bakuli moja la namna hiyo halimlazi mtu hospitali, lakini sioni sababu ya kulila. Litupwe.

Kiwango cha kimataifa cha Codex kuhusu maandishi ya vifungashio, kilichofanyiwa marekebisho mwaka 2018, kinatenganisha tarehe za aina mbili. Ipo ya ubora, ile inayosema chakula ni bora kabla ya siku fulani, na ipo ya mwisho wa matumizi, ambayo baada yake chakula kisiliwe. Nafaka kavu za asubuhi kwa kawaida hubeba ile ya kwanza. Marekani, sheria ya shirikisho hailazimishi tarehe ya mwisho kwa chakula chochote isipokuwa maziwa ya unga ya watoto wachanga, kwa sababu virutubisho vyake lazima vitimie kama kopo linavyoahidi: mtoto huyo hana chakula kingine. Hapa ndipo ninaposimama imara. Maziwa ya kopo na nafaka za kulikiza za mtoto, tarehe ikipita, usimpe, hata kopo likiwa jipya.

Wengine watauliza: kama ni salama, kwa nini muuzaji azuiwe? Nami naunga mkono azuiwe. Mteja wa Kariakoo hajui boksi limepita wapi. Huenda limekaa kwenye kontena juani, limelala stoo yenye paa linalovuja wakati wa masika, limesukumwa kwenye mkokoteni mvuani. Wewe unalijua kabati lako. Stoo ya mtu huijui. Uamuzi wa jikoni na sheria ya dukani ni mambo mawili, na sheria inapaswa kuwa kali. Ukiona tarehe imefutwafutwa kwa spiriti au imebandikwa karatasi juu yake, liache boksi hilo hata likiwa la bure.

Wala tarehe nzuri si kinga ya kila kitu. Mwaka 2018 nchini Marekani watu 135 katika majimbo 36 waliugua kwa salmonela iliyotokana na nafaka za asubuhi za Honey Smacks, na bakteria yenyewe ilikuwa ya aina iliyopewa jina la Mbandaka, mji wa Kongo. Ukavu huzuia bakteria kuzaliana, lakini hauwaui wote; wakiingia wakati wa kutengeneza wanaweza kudumu humo kwa miezi mingi. Lililowaokoa watu ni kampuni kuyarudisha maboksi kutoka madukani, na ili hilo liwezekane boksi lazima liwe na jina la mtengenezaji na namba ya toleo.

Sasa niseme linaloniumiza. Mama yuleyule anayelikagua boksi la korniflaksi mbele na nyuma hununua kilo mbili za unga wa lishe kwenye mfuko mweupe wa plastiki, usio na jina, wala tarehe, wala dalili yoyote ya ulikosagwa. Ndani yake kuna mahindi, ulezi, mtama, soya, mchele na karanga, vyote vimesagwa pamoja. Hauulizi swali hata moja, na huo ndio uji wa mtoto kila asubuhi. Kwa hesabu ya hatari, mfuko huo ndio unaostahili maswali.

Karanga na mahindi ndiyo mazao yanayopendwa zaidi na ukungu wa Aspergillus, unaotengeneza sumukuvu. Mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara watu 68 waliugua kwa sumu hiyo kutokana na mahindi, na 20 wakafariki. Kenya, mwaka 2004, wagonjwa walikuwa 317 na waliofariki 125, wengi wao kutoka Makueni na Kitui. Kiwango kinachokubalika Afrika Mashariki kwa mahindi ni maikrogramu 10 tu za sumukuvu kwa kilo moja. Huwezi kuionja wala kuinusa, na kuchemsha uji hakuiondoi, kwa kuwa inastahimili joto lililo juu sana kuliko la sufuria inayochemka. Kwa kiasi kidogo kidogo cha kila siku hushambulia ini hadi kuleta saratani, na tafiti zimeihusisha na udumavu wa watoto.

Nafaka ikishasagwa, huwezi tena kuiona punje iliyooza. Kwa hiyo kazi kubwa iko kabla ya mashine: nunua nafaka nzima, zichambue, toa zilizovunjika, zilizobadilika rangi na zilizobunguliwa, ndipo upeleke kusaga. Kukoboa mahindi nako hupunguza sumu kwa kiasi kikubwa, kwani nyingi hukaa kwenye ganda na kiini. Karanga zisage peke yake, kidogo kidogo, uziongeze kwenye uji siku ya kupika. Zikikaa ndani ya unga mafuta yake huuharibu mapema. Saga kiasi cha wiki chache, na andika tarehe mwenyewe kwenye chombo. Ukiamua kununua uliofungwa, chagua wenye alama ya TBS, jina la mtengenezaji na tarehe.

Hewa ya jiji hili lililo kando ya bahari ina unyevu mwingi, mara nyingi zaidi ya asilimia 75, na hiyo ndiyo adui wa kilichofunguliwa. Boksi la korniflaksi lililoachwa wazi juu ya friji linaweza kulainika kabla ya wiki kwisha, hata kama tarehe yake ni ya mwakani. Hamishia kwenye chombo kikavu chenye mfuniko unaobana, usichote kwa kijiko chenye maji, na kabla ya kumimina angalia kama kuna vibawakawa vidogo vya kahawia au nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, maana nyuzi hizo ni za nondo wa nafaka.

Unga au nafaka iliyoota ukungu usiwape kuku wala ng’ombe. Sumukuvu yenyewe iligunduliwa kupitia mifugo: mwaka 1960 nchini Uingereza zaidi ya batamzinga 100,000 walikufa baada ya kulishwa mashudu ya karanga kutoka Brazili. Ng’ombe anayeila huitoa sehemu yake kwenye maziwa, na maziwa hayo ndiyo yanayomiminwa juu ya korniflaksi.