Nyanya ya Voi si ya Wundanyi: chagua mbegu kulingana na unapoishi

Ifikapo Februari na Machi, swali linalowafikia sana maafisa wa kilimo wa wadi za Voi ni hili: nyanya zimestawi, majani yamependeza, maua ni mengi, lakini yanadondoka na tunda halishiki. Mwenye bustani huwa amekwisha kununua dawa, pengine aina mbili, na kuongeza mbolea juu yake. Mara nyingi hakuna mdudu wala ugonjwa. Ni joto la usiku.

Nyanya, au tungule kama zinavyoitwa Pwani, hupenda jua la mchana na usiku wenye ubaridi kiasi. Usiku ukikaa juu ya nyuzi 21 hivi za Selsiasi, chavua hudhoofika na ua huanguka kabla halijafunga tunda. Mchana ukipita nyuzi 35 hali huwa mbaya zaidi. Voi iko takriban mita 600 tu juu ya usawa wa bahari, na miezi ya kiangazi cha mwanzo wa mwaka hufika huko na kuzidi. Panda matatu hadi Wundanyi, mwendo wa saa moja hivi, utakuta mita zaidi ya 1,300, baridi, na ukungu unaotanda asubuhi. Kule ua hushika bila shida, lakini unyevu unaokaa kwenye majani huleta ugonjwa wa baridi, ule unaoacha mabaka meusi kana kwamba mche umemwagiwa maji moto. Ukiingia katika hali ya mvua na ukungu, unaweza kumaliza bustani nzima kwa wiki moja.

Kwa hiyo jirani wa Voi na shangazi yake wa Werugha wanaweza kununua pakiti moja wakagawana, mmoja akavuna na mwingine akaambulia majani. Mbegu haina kosa.

Tuanze na zile zilizozoeleka. Cal J ndiyo nyanya ambayo wengi wetu tumekua nayo: mche mfupi, tunda la mviringo mrefu, nyama nzito, ngozi ngumu inayovumilia safari ya kreti. Ni nzuri kwa mchuzi kwa sababu haina maji mengi. Rio Grande inafanana nayo kwa umbo, ila tunda ni kubwa kidogo na inasifika kuvumilia mabadiliko ya joto. Kwa bustani ya Voi, Mwatate ya chini au Maungu, tungeanza na Rio Grande kabla ya Cal J. Zote mbili zina udhaifu mmoja ambao watu wa mjini wanaujua: kuoza kitako. Upande wa chini wa tunda hugeuka mweusi na kubonyea. Si ugonjwa wa kuambukiza. Ni mche kukosa kalsiamu kwa sababu maji yanakuja leo mengi na kesho hakuna, na nyanya ndefu huathirika zaidi kuliko za duara. Mahali ambapo mfereji hutoa maji siku chache kwa wiki, weka akiba kwenye mtungi na umwagilie kidogo kila siku badala ya kufurisha mara moja. Matandazo ya nyasi kavu shinani husaidia pia.

Money Maker ni ya duara, ina maji, na kwa kachumbari haina mpinzani. Hata hivyo ni mche mrefu, usiokoma kukua. Unataka vijiti au kamba, na kupogolewa machipukizi ya pembeni kila wiki. Mwenye nafasi ndogo na muda wa jioni ataipenda. Mwenye kusafiri mara kwa mara asijisumbue nayo. Sehemu za milimani, urefu wake una faida: ukiufunga vizuri na kuondoa majani ya chini, upepo hupita, majani hukauka mapema na ugonjwa wa baridi hupata nafasi ndogo.

Halafu kuna mbegu mpya, zile chotara zenye alama ya F1 kwenye pakiti. Anna F1 ni ndefu na imezoeleka sana katika vibanda vya plastiki. Kilele F1 na Rambo F1 huuzwa kwa ajili ya shamba la wazi. Bei ya pakiti ni kubwa kuliko ya Cal J, na inabidi kuuliza unacholipia. Jibu limeandikwa kwenye pakiti kwa herufi, nazo wanunuzi wengi huzipita. V na F humaanisha mche unahimili aina mbili za mnyauko unaosababishwa na kuvu wa udongoni. N ni minyoo fundo, wale wanaoacha vinundu kwenye mizizi. TYLCV ni ugonjwa wa majani kujikunja na kuwa manjano, unaoletwa na nzi weupe, ambao katika nyanda za joto ni adui mkubwa. Aliyepoteza msimu uliopita kwa majani kujikunja ana sababu ya kulipa zaidi apate pakiti yenye herufi hizo. Ambaye hajawahi kupatwa na tatizo hilo hana haja.

Herufi hizo hazizuii kila kitu. Hakuna mbegu dukani itakayokukinga na Tuta absoluta, yule mdudu wa kutoka Amerika Kusini aliyeingia Kenya mwaka wa 2014 na ambaye viwavi wake huchimba ndani ya majani na matunda. Kwa bustani ndogo dawa ya kwanza ni macho na mikono: kagua majani kila baada ya siku mbili, yatoe yenye michirizi meupe, uyachome au uyafukie. Usiyatupe kwenye lundo la mboji.

Jambo la udongo linataka uangalifu zaidi. Mche wa nyanya ukinyauka ghafla ungali mbichi, bila kugeuka manjano, kata shina karibu na ardhi na ulichovye kwenye glasi ya maji safi. Likitoa uzi mweupe kama maziwa ndani ya dakika chache, huo ni mnyauko wa bakteria. Ng'oa mche na udongo wake, na usipande nyanya hapo kwa misimu kadhaa. Wala usipande biringanya, pilipili, viazi mbatata au mnavu, kwa kuwa wote ni ukoo mmoja na nyanya. Weka mahindi, vitunguu au sukuma wiki. Asiyekuwa na sehemu nyingine apande nyanya kwenye magunia yenye udongo uliotoka kwingine.

Jinsi ya kujaribu mbegu mpya bila kuhatarisha mboga ya nyumbani? Ukiwa na nafasi ya miche 12, panda minane ya ile unayoiamini na minne ya mgeni, siku moja, tuta moja, maji sawa. Weka kijiti chenye jina. Hesabu matunda mazima uliyoyachuma kwa kila aina, si yale yaliyokuwa mtini. Msimu mmoja hautoshi kutoa hukumu, hasa ukiwa ni msimu wa mvua chache. Jaribu mara mbili. Na onja! Kuna nyanya zinazodumu wiki mbili dirishani na hazina ladha yoyote.

Walio na uwanja mdogo kabisa, hasa nyumba za kupanga Sofia au Birikani, wajaribu zile nyanya ndogo za duara. Nyingi hushika tunda kwenye joto pale nyanya kubwa zinaposhindwa, na mche mmoja kwenye ndoo yenye matundu hutosha kachumbari ya watu wawili. Mche mkubwa siku ya jua kali hunywa lita moja hadi mbili, kwa hiyo jerikeni ya lita 20 inatosha miche kumi hadi ishirini. Fanya hesabu hiyo kabla ya kununua mbegu.

Nunua kwenye duka la pembejeo lililosajiliwa, na uangalie tarehe ya kumalizika muda. Pakiti yenye kibandiko cha KEPHIS ina namba ya siri. Ikwangue na uitume kwa ujumbe mfupi kwenda 1393, utajibiwa kama mbegu ni halali. Wenzetu wa Taveta huvutiwa na mbegu za ng'ambo ya mpaka, kama Tengeru 97 iliyotolewa Arusha. Ni nyanya nzuri, lakini mbegu kuvuka mpaka wa Holili inahitaji kibali cha KEPHIS, kwani ndivyo magonjwa ya udongo yanavyosafiri.

Mbegu zisizo chotara, kama Cal J, Rio Grande na Money Maker, unaweza kuzihifadhi mwenyewe. Chagua tunda zuri la mche mzima usio na ugonjwa, kamulia mbegu na maji yake kwenye kikombe, acha siku mbili au tatu zichachuke, zioshe na uzianike kivulini juu ya sahani. Mbegu ya F1 usiihifadhi: miche yake itatoka mchanganyiko.

Kwa Voi, sia kitaluni kati ya Aprili na Mei ili maua yafunguke Juni na Julai, usiku unapopoa. Milimani, epuka maua kukutana na ukungu wa miezi hiyo hiyo. Nyani wakiwa karibu, chuma nyanya zikianza tu kubadilika rangi, ziive ndani. Na ukienda kumwona afisa wa kilimo wa wadi yako kuhusu mche unaoumwa, usimpelekee jani moja. Ng'oa mche mzima na mizizi yake, uufunge kwenye mfuko, na ubebe pakiti ya mbegu.