Kadi memori: namna gani kitu kidogo hivi kinabeba vitu vingi, na juu ya nini kinaweza kuvipoteza

Mu Goma, Bukavu ao Uvira, familia nyingi hawana tena albamu ya picha. Picha za ndoa, diploma ya Serikali iliyopigwa foto, karatasi za kiwanja, sauti ya mzee aliyekwisha kufa: vyote viko mu kadi memori ya telefone. Wakati watu wanakimbia vita, kadi hiyo ndiyo inabaki mfukoni. Kwa hiyo ni vizuri kujua inafanya kazi namna gani, na inachokea wapi.

Vijumba vya umeme

Memori ya aina hii inaitwa flashi. Ilibuniwa mu miaka ya 1980 na Mjapani Fujio Masuoka, wakati alikuwa anatumika ku kampuni ya Toshiba. Ndani yake kuko mabilioni ya vijumba vidogo sana. Kila kijumba kinafungia umeme kidogo, na umeme huo unabaki hata telefone ikizimwa. Umeme uko ao hauko: hiyo ndiyo alama mashine inasoma.

Vijumba hivyo vinatengenezwa juu ya silikoni. Koltani, ile watu wanachimba Rubaya, mu Masisi, haiko ndiyo inatunza picha. Tantali inayotoka ndani yake inaingia zaidi mu vifaa vingine vidogo vinavyotuliza umeme mu telefone na ordinateri.

Wakapandisha etaji

Kwa miaka mingi wahandisi walipanga vijumba chini, kimoja pembeni ya kingine, kama nyumba za kartié. Walipotaka nafasi zaidi, walipunguza kila kijumba. Lakini vilipofika karibu nanometa 15 (milimita moja ina nanometa milioni moja), shida ikatokea: umeme wa ndani ulikuwa kidogo mno, na kijumba kilianza kusumbua jirani yake.

Basi wakafanya kama mtu mwenye kiwanja kidogo katikati ya muji: wakapandisha etaji. Mu mwezi wa nane 2013, kampuni ya Samsung, ya Korea ya Kusini, ilitangaza kwamba imeanza kutengeneza kwa wingi memori ya etaji 24. Mu mwezi wa kumi na moja 2024, SK hynix, nayo ya Korea ya Kusini, ikatangaza etaji 321. Kiwanda kinatandika utando juu ya utando, kisha kinatoboa mashimo membamba kutoka juu kufika chini, na vijumba vinaundwa kuzunguka mashimo hayo. Ni hivi kadi ndogo kama ukucha iliweza kufikisha terabaiti 1, ni kusema gigabaiti elfu moja. Kadi za namna hiyo zilitangazwa mu mwaka wa 2019.

Mfano wa bidoni

Kuko njia ya pili ya kupata nafasi, na hiyo ndiyo inaomba uangalifu. Wazia bidoni la maji. Kama unaomba tu kujua liko tupu ao limejaa, hautakosea, hata maji yakipunguka kidogo. Lakini kama bidoni hilo hilo limewekewa alama 16, maji yakishuka kidogo tu utasoma alama nyingine.

Memori za kwanza zilikuwa na hali mbili tu mu kila kijumba. Siku hizi nyingi zina hali 8, zingine 16. Bei imeshuka, nafasi imeongezeka, lakini uvumilivu umepunguka. Kila mara unafuta na kuandika upya, ukuta wa kijumba unachakaa. Kijumba cha hali mbili kinaweza kuvumilia karibu mara 100,000. Cha hali 8, mara elfu chache tu. Tena umeme unavuja polepole, hata kama kadi imelala mu kabati bila kutumiwa.

Kadi za uongo

Ku soko kuko pia wenye kuuzisha kadi zenye maandishi makubwa na nafasi ndogo. Kadi ya gigabaiti 8 inapangwa ili iambie telefone kwamba iko na gigabaiti 512. Mwanzoni yote inaenda vizuri. Nafasi ya kweli ikijaa, picha mpya zinafuta za zamani, ao zinapotea kabisa. Majina ya faili unayaona, lakini hayafunguki. Bei ikiwa chini mno, ujiulize. Fundi mwenye ordinateri anaweza kuijaribu na programu ya bure kama H2testw ao F3: inajaza kadi yote, kisha inasoma kama vitu vyote vimebaki. Fanya hivyo mbele ya kuweka kitu chochote, juu kipimo hicho kinaomba kadi tupu.

Na hata kadi ya kweli isiachiwe mzigo peke yake. Vitu vya maana viwekwe pahali pawili: mu telefone na mu flashi nyingine, ao kwa ndugu anayekaa muji mwingine. Mara moja kwa mwaka, ufungue kadi ya zamani, uangalie, unakili upya. Karatasi za kiwanja na diploma, toa kopi kwa karatasi. Karatasi nayo inaungua na inalowa, lakini haiharibikiwe siku moja na kadi.