Kuzitambua na Kuzipima Patasi Kuukuu za Kukerezea

Fundi wa Mwansabombwe, au wa Nchelenge ufukoni mwa ziwa Mweru, akirithi sanduku la zana za Kiingereza za zama za misheni ya Mbereshi, ambayo London Missionary Society waliiasisi jirani na mji wa Mwata Kazembe mwaka 1900, hushikwa na hamu ya kukipeleka kila chuma kwenye jiwe la kunolea. Nami namsihi astahimili, kwani jiwe likiisha kupita, ushahidi mwingi wa asili ya zana hutoweka.

Na atazame kwanza mkia uingiao mpinini. Patasi ya seremala, kwa kuwa hupigwa nyundo, ina bega nene la chuma lizuialo mkia usiupasue mpini. Ya mkereza, ambayo husukumwa kwa mkono tu, kwa kawaida haina bega, bali hupungua taratibu mpaka ikawa mkia. Ya seremala imenolewa upande mmoja, ya mkereza pande zote mbili. Na bobari ya kukerezea hunolewa kwa nje, mara nyingi ncha yake ikaviringwa mfano wa ukucha. Mpini si hoja, maana hubadilishwa.

Upana hupimwa kwa inchi na thumni zake, kila thumni ikiwa milimita 3.2 takriban. Patasi yenye makali ya mshazari ipimwe bapa lake, kutoka ubavu hadi ubavu kwa pembe mraba, wala si kuyafuata makali, ambayo huzidisha hesabu. Bobari ya kale, iliyofuliwa kwa bamba lililokunjwa, hupimwa mdomoni, pembe kwa pembe. Zile mpya za nondo mviringo zina ikhtilafu: Waingereza hupima mfuo, Wamarekani unene wa nondo, hata nusu inchi ya Sheffield ikawa thumni tano Marekani. Urefu usimhadae mtu, kwani feleji huliwa na jiwe mwaka baada ya mwaka.

Muhuri usafishwe kwa mafuta na kitambaa, kamwe si kwa tupa. Jina la William Marples au la Sorby ni dalili ya Sheffield; na neno «England» aghalabu huonyesha kwamba zana si ya kabla ya 1891, ilipoanza kutumika sheria ya Marekani iliyolazimisha bidhaa za kigeni ziandikwe nchi zilikotoka.

Hapo ndipo anoe, akichovya chuma majini kila mara, maana feleji ya kale ikigeuka rangi ya samawati imekwisha poteza ugumu wake.