Ukubwa wa Tatizo la Epididimaitisi kwa Wanaume na Wavulana: Ufafanuzi wa Takwimu kwa Kigezo cha Umri

1.0 Utangulizi
Epididimisi ni mrija mwembamba uliojikunja nyuma ya kila korodani, ambamo mbegu za kiume hukomaa na kuhifadhiwa. Mrija huo unapovimba kutokana na maambukizi au sababu nyingine, hali hiyo huitwa epididimaitisi. Makala hii inafafanua jinsi hali hiyo inavyojitokeza kwa wanaume na wavulana. Hoja yake kuu ni kwamba idadi ya jumla isiyotenganishwa kwa umri hukusanya magonjwa tofauti chini ya jina moja, na kwa mvulana mkanganyiko huo waweza kumgharimu korodani.

2.0 Takwimu na Maana Yake
Makadirio yanayorejelewa mara nyingi ni ya Marekani, ambako hutajwa matukio takribani 600,000 kwa mwaka. Aidha, takwimu za mwaka 2002 za nchi hiyo zinaonesha kuwa kati ya kila mahudhurio 144 ya wagonjwa wa nje wanaume wenye umri wa miaka 18 hadi 50, moja lilihusu uvimbe wa epididimisi au wa korodani. Ikumbukwe kuwa kipimo hiki kinahesabu mahudhurio, si watu: mgonjwa aliyerudi mara tatu huhesabiwa mara tatu, ilhali asiyefika kituoni hahesabiwi kabisa. Vilevile, kwa kuwa ugonjwa unaoanza ghafla kwa kawaida huisha ndani ya wiki chache, matukio mapya kwa mwaka hueleza ukubwa wake vizuri zaidi kuliko idadi ya wagonjwa waliopo kwa siku moja.

3.0 Mgawanyo kwa Umri na Mahali
Matukio huongezeka katika vipindi viwili vya umri: kati ya miaka 16 na 30, na kati ya miaka 51 na 70. Katika kipindi cha kwanza, visababishi vikuu ni maambukizi ya ngono, hususani klamidia na kisonono. Katika kipindi cha pili, bakteria wa njia ya mkojo hutawala, hasa pale tezi dume iliyotanuka inapozuia mkojo au mgonjwa anapowekewa mpira wa mkojo. Kwa wavulana ambao hawajabalehe, mara nyingi bakteria hawaonekani. Uvimbe huweza kufuatia maambukizi ya virusi, au mkojo kurudi nyuma kutokana na kasoro ya kimaumbile.

Mahali nako kuna uzito wake. Katika pwani ya Afrika Mashariki, minyoo ya matende inayoenezwa na mbu huathiri mishipa ya limfu ya viungo vya uzazi, ikasababisha uvimbe wa epididimisi na hatimaye busha. Kifua kikuu nacho huweza kufika katika mrija huo. Hivyo basi, uwiano wa visababishi uliopatikana Marekani hauwezi kuhamishiwa Tanga au Kwale bila uchunguzi.

4.0 Athari katika Utambuzi
Kujisokota kwa korodani humpata takribani mwanaume 1 kati ya 4,000 walio chini ya miaka 25 kila mwaka, hasa wakati wa kubalehe. Maumivu yake huanza ghafla, mara nyingi pamoja na kutapika; ya epididimaitisi kwa kawaida huongezeka polepole, na huweza kuambatana na maumivu wakati wa kukojoa. Hata hivyo, dalili hizo hufanana kiasi cha kupotosha. Nafasi ya kuiokoa korodani iliyojisokota ni kubwa ndani ya saa 6 za mwanzo, kisha hupungua haraka. Kwa sababu hiyo, mvulana mwenye maumivu ya ghafla hapaswi kupewa dawa na kurudishwa nyumbani kwa kigezo tu kwamba epididimaitisi ni ya kawaida.

5.0 Hitimisho
Imebainika kuwa epididimaitisi ni tatizo la kawaida, lakini ukawaida huo si sawa kwa kila rika. Inapendekezwa kwamba rejesta za vituo vya afya zitenganishe umri, kisababishi kilichothibitishwa, na hudhurio la kwanza dhidi ya la marudio; na kwamba kujisokota kwa korodani kuandikwe katika safu yake.