Damu Inayosafiri Katika Baridi

Damu ya mgonjwa wa Kasuku, mjini Kindu, ikitakiwa kwa utafiti katika maabara kuu ya Kinshasa, ina safari ndefu mbele yake. Wengi wetu twadhani kwamba kuitia katika baridi kwatosha. Sivyo, wasomaji wapenzi, yategemea kinachotafutwa.

Mwaka 1959 damu ilitolewa kwa mtu mmoja mjini Léopoldville, nayo ikahifadhiwa. Mwaka 1998 wataalamu wakatangaza kwamba wamekuta ndani yake alama za virusi vya UKIMWI. Hapo hakikutakiwa kitu kilicho hai.

Chembe nyeupe, yaani askari wa mwili, ni jambo jingine. Mwenye kupima kama chanjo imewafundisha askari hao sharti awapate hai, awaonyeshe adui na kutazama watakavyofanya. Maji ya ndani ya chembe yakiganda ghafula hufanya barafu yenye ncha kali, ikaipasua. Kwa hiyo huchanganywa na dawa iitwayo DMSO, zikapozwa polepole, kama digrii moja kwa dakika, maji yapate nafasi ya kutoka. Kisha huwekwa katika naitrojeni ya majimaji, yenye baridi ya digrii 196 chini ya sifuri. Ajabu ni kwamba dawa hiyo hiyo huzidhuru chembe zikiisha pata joto, hata inapasa kuiosha upesi.

Tena si askari wote wavumiliao. Wale waitwao granulositi hufa karibu wote. Wengine huamka wamepungukiwa na alama ambazo kwazo hutambuliwa. Na damu ikikawia siku nzima kabla ya kugandishwa, hata waliosalia hujibu kwa unyonge.

Hapo ndipo penye hatari. Mtafiti akilinganisha damu iliyochelewa uwanjani Kindu na ile ya Ulaya iliyoshughulikiwa kwa saa chache, aweza kuandika kwamba chanjo haiwafai watu wa Maniema, kumbe ni ila ya safari. Twaona si haki watu waliokubali kuchomwa sindano waandikiwe udhaifu wa ndege!

Watafiti wenye busara huandika saa ya kutoa damu na saa ya kuigandisha, huhesabu chembe zilizo hai baada ya kuziyeyusha, na mara nyingi huziacha zipumzike usiku mmoja. Lililo bora ni kugandisha karibu na mgonjwa, kama huko Kilifi, Kenya, ambako maabara i jirani ya hospitali. Lakini naitrojeni hugeuka hewa na kupotea kila siku, hata chombo kikifunikwa vema. Haina budi kujazwa tena na tena.