Kuyalinda Masikio Wakati wa Kupiga Shabaha

Leo twataka kuzungumza nanyi habari ya kuyalinda masikio katika mchezo wa kupiga shabaha, na jinsi ya kuchagua vifaa vya kuyalinda. Yamkini wako watakaosema, "Hayo yatuhusu nini? Sisi hatuna bunduki." Twawaomba watusikilize kidogo.

Karibu na nyumba tuliyokulia palikuwa na mzee mmoja hodari sana wa bunduki. Kwa miaka mingi alilinda mashamba kwa gobore lake, akifukuza nguruwe na nyani, na siku za sikukuu alishindana na wenzake kulenga kibuyu kilichotundikwa mtini. Shabaha yake ilisifiwa katika vijiji vitatu. Sisi watoto tulipopita barazani pake tulimwamkia kwa adabu, "Shikamoo, babu." Hakutuitikia. Tukadhani ametukasirikia kwa kosa tusilolijua, na baadaye tukaanza kupita njia ya nyuma ya nyumba ili tusionane naye. Siku nyingi zilipita kabla mkewe hajatuita akatuambia, "Wajukuu zangu, babu yenu hana hasira nanyi. Ni sauti zenu hazimfikii." Tangu siku ile tulimkaribia, tukamgusa mkono kwanza, ndipo tukamwamkia, naye akatuitikia "Marahaba" kwa furaha kubwa. Walakini miaka ile aliyokaa peke yake barazani, akidhaniwa kuwa mtu mkali, haikurudi.

Mzee yule hakuzaliwa kiziwi, wala hakupatwa na ugonjwa. Aliyapoteza masikio yake kidogo kidogo, kila alipofyatua bunduki. Ili tufahamu jinsi ilivyokuwa, hatuna budi kutazama kwanza namna sikio lilivyoumbwa.

Sikio lina sehemu tatu. Ya kwanza ni ile tuionayo pamoja na njia yake iendayo ndani, nayo huishia penye ngozi nyembamba iliyowambwa kama ngoma, iitwayo kiwambo cha sikio. Ya pili ina mifupa mitatu midogo mno iliyoshikamana, ipokeayo mtikisiko wa kiwambo na kuupeleka ndani. Ya tatu ni mfereji uliojipinda kama nyumba ya konokono, nao umejaa maji. Humo zimepangwa chembe hai zenye vinyweleo, kadiri ya 15,000 katika kila sikio. Sauti ikiingia, maji hutikisika, vinyweleo hupinda, na habari hupelekwa kwenye ubongo. Hapo ndipo twasema, "Nimesikia."

Mfano wa vinyweleo hivi ni nyasi za mbugani. Upepo mwanana ukipita, nyasi hulala kisha huinuka. Dhoruba ikipita, nyingine huvunjika. Lakini nyasi zina mizizi, na mvua ikinyesha huchipua tena. Chembe hizi za sikio la binadamu zikifa hazichipui tena kamwe. Hakuna dawa ya kuzirudisha. Chombo cha kusaidia kusikia huongeza ukubwa wa sauti, lakini hakiwezi kulirudishia sikio uzima wake wa kwanza.

Tena, zinazotangulia kufa kwa ajili ya mishindo ni zile zipokeazo sauti nyembamba, za mitikisiko 3,000 hadi 6,000 kwa sekunde. Katika sauti hizo mna sehemu kubwa ya herufi zetu za s, sh, f na th. Mtu aliyeharibika hivyo husikia kuwa watu wanasema, ila hatambui wasemalo. Hapambanui "fika" na "shika", wala "sisi" na "fisi". Basi si ajabu kwamba "Shikamoo" yetu haikumfikia mzee. Na wengi, pamoja na hayo, hupatwa na uvumi usiokoma masikioni, kama mlio wa nyenje, hata usiku wa kimya.

Jambo hili lilijulikana zamani kwa watu wa kazi za makelele. Mwaka 1886 daktari Thomas Barr wa Glasgow alitoa habari za mafundi 100 waliokuwa wakiunda matangi makubwa ya mvuke kwa nyundo. Katika hao hakuna hata mmoja aliyekuwa na kusikia kamili. Nao mchezo wa shabaha ulikuwa umekwisha enea. Uingereza, mashindano makubwa ya bunduki yalianza Wimbledon mwaka 1860, Malkia Victoria akipiga risasi ya kwanza, yakahamia Bisley mwaka 1890. Shabaha ilikuwamo katika michezo ya Olimpiki ya Athens mwaka 1896. Na mwaka 1930 huko Bisley mwanamke, Marjorie Foster, aliwashinda wanaume akatwaa Tuzo ya Mfalme. Ni mchezo wa heshima, unaofundisha utulivu na kujizuia. Lakini yafaa mwenye shabaha njema aondoke uwanjani na masikio yale yale aliyokwenda nayo.

Sasa tuseme habari ya ukubwa wa sauti. Hupimwa kwa kipimo kiitwacho desibeli. Mazungumzo ya watu wawili yapata desibeli 60. Hesabu hii si kama hesabu ya shilingi, kwa kuwa kila izidipo 10, nguvu ya sauti huzidi mara kumi. Ikizidi 20, nguvu huzidi mara mia. Mshindo wa bunduki ndogo, ile ya risasi za inchi 0.22, wakaribia 140. Bunduki ya marisau hupita 150, na bastola na bunduki kubwa nyingi hufika 160 na kuzidi. Shirika la Afya la Dunia lilionya kuwa sikio la mtu mzima lisipatwe na mshindo uzidio 140 hata mara moja, na sikio la mtoto lisipatwe na uzidio 120. Maana yake ni kwamba mlio mmoja tu wa bunduki kubwa, bila ya kinga, waweza kuleta hasara ya maisha.

Mtu atauliza, "Je, sikio halina mlinzi wake?" Analo. Mnamo misuli midogo ambayo hujikaza sauti kubwa ikija, ikaizuia mifupa isitikisike mno. Lakini mlinzi huyo ni mzito wa kuamka. Mshindo wa bunduki huja na kupita upesi kuliko kupepesa jicho, naye hufika mlangoni mwizi amekwisha toka.

Yafaa tujue pia kwamba apigaye kwa bega la kulia huumia zaidi sikio la kushoto, kwa kuwa ndilo lililoelekea mdomo wa bunduki, na lile la kulia limefichwa na kivuli cha kichwa. Apigaye kwa bega la kushoto huwa kinyume chake. Tena, uwanja wenye kuta na dari huurudisha mshindo, na bunduki yenye matundu ubavuni mwa mdomo wake, ya kupunguza msukumo begani, hutupa mshindo nyuma kwa mpigaji na kwa jirani zake. Kwa hiyo wasimamao karibu kutazama, na hasa watoto, wahitaji kinga kama mpigaji mwenyewe.

Vifaa vya kinga ni vya namna mbili kubwa: vizibo viingiavyo ndani ya sikio, na vifuniko vilifunikavyo sikio zima.

Vizibo vya sifongo laini hufinyangwa kwa vidole vikawa vyembamba, vikatiwa sikioni, kisha vikafura na kuijaza njia yake. Bei yake ni ndogo, navyo huzuia sana vikivaliwa vema. Lakini vikivaliwa vibaya havifai kitu. Viko vizibo vya mpira vyenye pete pete, ambavyo huoshwa na kutumika tena. Viko vilivyotengenezwa kwa kufuata umbo la sikio la mtu mmoja. Hivyo ni vya bei kubwa, wala haviazimwi. Na viko vyenye tundu dogo mno, vinavyoyapitisha maneno na kuupinga mshindo. Hivyo humfaa mwindaji aliye porini, apigaye mara chache, lakini si mchezaji apigaye risasi nyingi chini ya dari.

Vifuniko ni vikombe viwili vilivyoungwa kwa utepe upitao juu ya kichwa. Ni vyepesi kuvaa sawasawa, navyo hufaa kwa watoto ambao njia za masikio yao ni nyembamba. Walakini vina maadui watatu: miwani yenye mikono minene, nywele nyingi, na kitako cha bunduki. Miwani na nywele huacha mwanya, na kitako hukisukuma kikombe wakati mtu alengapo. Apigaye bunduki ndefu na achague vikombe vyembamba. Vipo pia vifuniko vyenye chombo cha umeme, ambavyo huyapokea maneno ya watu na kuyapitisha, lakini huukata mshindo. Hivi vina manufaa makubwa, kwa kuwa mtu husikia amri ya msimamizi asemapo, "Acheni kupiga!" Ila mwenye kushindana na aulize sheria kwanza, katika mashindano ya chama cha dunia cha shabaha wachezaji hukatazwa kuvaa vifuniko vyenye chombo cha kupokea sauti.

Kila kifaa chema huandikwa namba ya desibeli kinazozizuia. Cha Marekani huandikwa NRR, na cha Ulaya SNR. Vipimo hivi viwili havifanani, basi msivilinganishe. Namba hiyo ilipatikana kwa watu waliovaa kwa uangalifu chumbani mwa majaribio. Mtu wa kawaida hapati yote. Kwa hiyo taasisi ya Marekani iangaliayo afya za wafanya kazi ilishauri namba ya NRR ipunguzwe: kwa vifuniko ondoeni robo, kwa vizibo vya sifongo ondoeni nusu, na kwa vizibo vingine ondoeni sehemu 7 katika 10.

Tufanye hesabu kama darasani, kwa kukisia. Bunduki ina mshindo wa 160. Tumevaa vizibo vya sifongo vya 30. Nusu yake ni 15. Tukiondoa 15 katika 160, zasalia 145. Bado tumo hatarini! Tujaribu vifuniko vya 28. Tukiondoa robo, hubaki 21, na mshindo huwa 139. Tumeponea chupuchupu. Sasa tuvae vyote viwili, vizibo ndani na vifuniko juu. Hapa msijumlishe 15 na 21, maana sauti nyingine hupita katika mifupa ya kichwa. Chukueni namba iliyo kubwa, 21, mkaongeze 5 tu. Hupatikana 26, na mshindo hushuka hata 134. Ndiyo sababu wenye maarifa huwashauri wapigao bunduki kubwa, na wote wapigao chini ya dari, wavae vyote viwili.

Basi, mtu akienda dukani ajiulize: Nitapiga bunduki gani? Nitapigia uwanja wazi au chini ya dari? Ni mara ngapi? Je, navaa miwani? Je, nahitaji kuisikia amri? Tena avijaribu kichwani mwake kabla ya kutoa fedha, akishika na mfano wa bunduki begani ikiwezekana. Kinga iliyo bora ni ile ikukaayo sawasawa, usiyotamani kuivua. Namba kubwa iliyoandikwa juu ya kifaa kilicholegea ni kama kufuli kubwa juu ya mlango usio na bawaba.

Kuvaa vizibo vya sifongo nako kuna adabu yake. Oshani mikono. Kifinyangeni kizibo kiwe chembamba, bila ya mikunjo. Pitisheni mkono wa pili nyuma ya kichwa, mlivute sikio juu na nyuma, ili njia yake inyoke. Kitieni upesi, mkishike kwa nusu dakika hata kifure. Kisha semeni neno: sauti yenu ikivuma kama mtu aliye ndani ya pipa, kimekaa vema. Tena funikeni masikio kwa viganja. Makelele yakipungua sana, jueni kizibo kimeacha mwanya, kivaeni upya. Sikio litokalo usaha lisitiwe kizibo, bali lipelekwe kwa daktari.

Wako watumiao pamba. Pamba kavu haizuii mshindo wa bunduki. Humpa mtu moyo wa uongo tu. Wengine hutia maganda ya risasi masikioni. Hilo ni baya zaidi, kwa kuwa ganda hukwama na kujeruhi.

Na baada ya mchezo, mtu akisikia uvumi, au sauti za watu zikiwa kama zatoka mbali, asiseme, "Nimezoea." Sikio halizoei mshindo, linalodhaniwa mazoea ni uziwi ulioanza. Kinga yake haikutosha. Na apumzike na bunduki, aitengeneze kinga, na hali hiyo isipoondoka aende kwa daktari upesi.

Mwisho, twarudi kwa wale waliouliza yawahusu nini. Sikio haliulizi kama mshindo umetoka katika bunduki, au mashine ya kusaga, au fataki za harusi. Chombo hiki cha redio kisingekuwa na faida kwetu kama hatungekuwa na masikio; wala salamu za watoto wetu zisingekuwa na mwitikio. Basi, enyi vijana mtakaoshika bunduki kwa mchezo au kwa kazi, vaeni kinga kabla ya risasi ya kwanza, wala msingoje ya pili. Wajukuu wenu watakapopita barazani, wasikilizeni, muwaitikie.